Jinsi ya kuirudia muvi uliyoipenda ujanani bila kuiharibu

Karibu kila mtu ana yake moja. Nazungumzia ile komedi ya vijana wa shule uliyoiona ukiwa na miaka kumi na tatu au kumi na nne hivi, ukairudia na kuirudia mpaka ukawa unacheka kabla hata mtu hajafungua mdomo. Yangu mimi ni Ferris Bueller's Day Off ya mwaka 1986, iliyoandikwa na kuongozwa na John Hughes. Kijana wa Chicago, Ferris, anajifanya mgonjwa, anatoroka shule siku moja na mpenzi wake na rafiki yake, basi, hadithi yote ndo hiyo. Mpaka leo nikisikia ule wimbo wa kundi la Yello unaopigwa Ferrari inapotokea, najikuta natabasamu peke yangu.

Naandika hapa kwa mtu anayetaka kuirudia ya kwake, iwe hii au nyingine yoyote, kwa sababu nimeona watu wengi wanairudia vibaya na inaniuma. Wanaiweka usiku wamechoka, simu mkononi, wanaangalia dakika ishirini, wanasema kumbe ilikuwa ya kitoto tu, wanazima. Muvi ya miaka yote hiyo, dakika ishirini. Mi yangu nimeirudia mara nyingi tangu niwe mtu mzima na kila mara inanipa kitu, ila kuna namna ya kuiendea.

Kabla hujabonyeza plei, chukua karatasi uandike unachokumbuka. Usiingie mtandaoni kwanza, usiangalie trela, usimuulize mtu. Andika sehemu unazozikumbuka kwa mpangilio unaoukumbuka, andika ulitaka kuwa nani kati ya wale, wimbo gani, nani alikuwa amekaa pembeni yako mnaangalia. Hii hatua watu wanairuka wanaona kama kazi ya shule, mi naona ndo muhimu kuliko zote, kwa sababu ukishaiona upya ile picha mpya inakaa juu ya ile ya zamani na hutaweza tena kujua kichwani mwako kulikuwa na nini. Unapata nafasi moja tu ya kuiandika.

Nikupe mfano wangu. Kwenye karatasi yangu niliandika kwa uhakika kabisa kwamba mwishoni baba yake Cameron, yule rafiki mwenye hofu, anarudi nyumbani anakuta gari lake, ile Ferrari, limevunjika anafoka. Niliikumbuka mpaka sura yake. Nilipoiangalia muvi hadi mwisho nikabaki nimekaa tu, kwa sababu baba yake Cameron hatokei. Muvi nzima hatumuoni hata mara moja, tunamsikia tu kupitia hofu ya mtoto wake, na ile hofu iliigizwa vizuri kiasi kwamba mimi nikiwa mdogo nilimtengeneza mtu mzima kabisa kichwani nikamweka ndani ya picha. Bila karatasi nisingejua.

Sasa tafuta kopi. Hapa nitakaa kidogo maana watu hawajui kwamba huenda muvi waliyoipenda hawajawahi kuiona yote.

Kama uliiona kwenye kanda za VHS au kwenye tivii za zamani zile za kisanduku, kuna uwezekano mkubwa picha ilikatwa pembeni. Muvi yangu ilipigwa kwa upana mkubwa, upana mara 2.35 ya urefu wa kwenda juu, na tivii ya zamani ilikuwa mara 1.33 tu, kwahiyo ili picha ijae skrini ilibidi zaidi ya theluthi moja itupwe, karibu nusu. Na muvi za marafiki watatu watatu ndo zinaumia zaidi, maana wanasimama mstari mmoja. Kuna sehemu wale watatu wako juu kabisa ya lile jengo refu la Sears Tower (siku hizi linaitwa Willis Tower), wameegemeza vipaji vya uso kwenye kioo wanaangalia mji chini, siku nilipoiona kwa upana wake wote ndo nikaelewa kwanini ile sehemu ipo.

Kitu kingine ni spidi. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, lakini tivii na kanda za mfumo wa PAL, ambao ulitumika nchi nyingi nje ya Marekani, zilicheza picha 25, na njia rahisi ilikuwa ni kuikimbiza tu muvi nzima kidogo. Matokeo yake muvi ya dakika 103 inaisha kwenye dakika 99 hivi na sauti zinapanda juu kidogo, za waigizaji na za muziki. Kwahiyo kama ukiangalia kopi mpya ukahisi mbona sauti ya steringi imekuwa nzito na wimbo kama umepoa, masikio yako hayajakosea, ulikuwa umezoea ile ya kukimbizwa. Inachukua kama robo saa kuzoea, vumilia.

Alafu tivii za kisasa. Karibu zote zinakuja na kitu kimewashwa kwenye setingi kinachoongeza picha za katikati ili mwendo uwe laini, wakati wa mpira ni kizuri, kwenye muvi ya zamani kinaifanya ionekane kama igizo lililorekodiwa jana kwa kamera ya harusi. Kizime. Kila kampuni inakipa jina lake, ingia sehemu ya picha tafuta chochote kinachohusu mwendo, zima. Na kama uliiona kwenye tivii ya taifa enzi hizo, ujue huenda kuna matusi yalifutwa na maneno mengine yakawekwa, au sehemu nzima ilikatwa ili matangazo yaingie. Hapo tafuta kopi ambayo haijakatwa.

Ila nisieleweke vibaya, kama bado una ile kanda yako na deki inafanya kazi, iangalie pia. Baadaye. Kopi kamili kwanza, kanda ya zamani siku nyingine, maana ile mikwaruzo na ile sehemu kanda inaporuka ni ya kwako na ina haki yake.

Mara ya kwanza angalia peke yako. Najua unatamani kumwita mtu, usimwite. Ukiwa na mtu utaanza kuitetea, utamwangalia yeye usoni kuona kama amecheka badala ya kuangalia skrini, na akitoa simu utaumia bure. Simu weka chumba kingine, kaa mpaka majina yanaisha kabisa. Kwa muvi yangu ukizima majina yanapoanza unakosa Ferris anavyotoka na gauni lake la kuogea mwishoni kabisa kuwaambia watu waende zao nyumbani, na niliambiwa habari hiyo nikiwa mtu mzima tayari, miaka yote kaka yangu alikuwa anasimamisha kanda mapema ili airudishe mwanzo.

Sasa moyo wa jambo lenyewe. Ukiirudia, badilisha mtu unayemfuata.

Ukiwa kijana unamfuata steringi, ndivyo muvi ilivyotengenezwa, kamera inamfuata yeye na Ferris hata anaongea na sisi moja kwa moja akiangalia kamera, nani atakataa. Lakini ukiwa na miaka thelathini ukaendelea kumfuata yeye tu, muvi itakuchosha, utaanza kuona ni kijana mwenye bahati anayependwa na kila mtu na hapati adhabu. Watu wengi wanaishia hapo wanasema muvi imezeeka. Mhamie mwingine. Chagua mtu mmoja kabla hujaanza, na muvi nzima macho yako yawe kwake hata kama wakati huo haongei, hata kama yuko nyuma hana kazi.

Mimi nilianza na Cameron, aliyeigizwa na Alan Ruck. Siku inaanza yeye yuko kitandani anaumwa kwelikweli, au anaamini anaumwa, na mwenzake anayejifanya mgonjwa ndo anamvuta atoke. Mfuate huyo tu kuanzia pale kitandani na utaona muvi nyingine kabisa, inahusu kijana anayemwogopa baba yake mpaka mwili umeganda, ambaye jioni ya siku hiyohiyo anaamua hatakimbia tena, atakaa amsubiri wazungumze. Ferris siku inaisha akiwa vilevile alivyoianza. Anayebadilika ni Cameron. Nilikaa na muvi hii zaidi ya miaka kumi sijaliona hilo, nilikuwa namwona ni yule rafiki mwoga anayechelewesha raha. Na Ruck alikuwa na miaka 29 wakati wanapiga picha, mwishoni mwa mwaka 1985, anaigiza mwanafunzi, labda ndo maana uchovu wa Cameron una uzito ambao mtoto wa miaka 17 angepata shida kuuleta. Yeye na Matthew Broderick, aliyeigiza Ferris, walikuwa wameshaigiza pamoja jukwaani Broadway kabla, na unaona kabisa wamezoeana.

Mara nyingine nikamfuata Jeanie, dada yake Ferris, Jennifer Grey. Huyu nilimchukia utotoni. Sasa hivi namwona ni mtu pekee kwenye ile nyumba anayesema ukweli na hakuna anayemsikiliza, kila mtu mjini anamwombea kaka yake apone, yeye anajua ni mzima. Anaishia kituo cha polisi kwa kupiga simu ya kweli kabisa kwamba kuna mtu ameingia ndani, na pale kituoni anakutana na kijana mmoja, Charlie Sheen, anayemuuliza kwanini kinamuuma kiasi hicho. Alafu mwisho ni yeye anayemwokoa kaka yake mlangoni. Ukiwa na ndugu uliyegombana naye miaka mingi, ile sehemu ya mlangoni itakugusa.

Nikamfuata Sloane, mpenzi wa Ferris, nikakuta ana maneno machache, hilo ni pungufu la muvi na nasema wazi. Lakini kuna dakika wakati wa gwaride, Ferris amepotea kwenye watu, Sloane na Cameron wamebaki wawili wanaulizana watafanya nini wakimaliza shule, wanapenda nini, na wote hawana jibu. Wanacheka. Nikiwa na miaka kumi na nne nilikuwa napeleka mbele pale ili nifike kwenye wimbo.

Na kabla ya kuhamia wazazi (utafika tu, muda utakupeleka, na nikwambie kitu, Cindy Pickett na Lyman Ward walioigiza wazazi walioana kweli baada ya muvi) msikilize Ferris tena sehemu moja, anapotuambia kwamba miezi michache ijayo wanamaliza shule, itakuwa likizo, kisha yeye ataenda chuo kimoja na Cameron kingine na urafiki kimsingi utaishia hapo. Anasema haraka, kwa wepesi tu. Hiyo ndo sababu ya siku nzima. Rafiki niliyekuwa naangalia naye ile kanda aliondoka tukiwa na miaka kumi na nane na hatukuwahi kukaa tena chumba kimoja zaidi ya saa mbili, kwahiyo mi pale huwa nasimamisha kidogo.

Kuhusu sehemu zinazokera. Zitakuwepo, muvi za vijana za miaka ile zimejaa vichekesho kuhusu wasichana, wageni, wanene, vitu ambavyo leo havichekeshi na hata enzi hizo viliwaumiza waliochekwa. Usizipeleke mbele. Usijilazimishe kucheka pia. Molly Ringwald, aliyeigiza kwenye The Breakfast Club ya mwaka 1985, ya huyohuyo Hughes, aliandika makala kwenye jarida la The New Yorker mwaka 2018 baada ya kuiangalia na binti yake, akaeleza wazi jinsi kijana mmoja kwenye muvi hiyo anavyomdhalilisha msichana aliyemwigiza yeye, na kwenye makala hiyohiyo bado anazithamini zile muvi kwa kuwachukulia vijana kwa uzito. Mtu aliyekuwa ndani ya picha ameweza kubeba vyote viwili, sisi tuliokuwa sebuleni pia tunaweza. Andika kwenye karatasi yako: hapa imenikera, kwa sababu hii. Kama imekukera mpaka huwezi kuendelea, izime, utakuwa umeijua vizuri zaidi ya ulivyoijua.

Ukishaiona mara moja kwa umakini, ndo uchimbe nyuma yake, kitu kimoja kwa wakati. Mi nilianzia makumbusho. Kuna sehemu wanaingia Art Institute ya Chicago, hakuna maongezi, muziki tu, na Cameron anasimama mbele ya mchoro wa Georges Seurat wa watu wanaopumzika kando ya mto, ule alioutengeneza kati ya mwaka 1884 na 1886 kwa vidoa vidogo vidogo vya rangi. Kamera inaingia usoni kwa mtoto aliyechorwa katikati, inarudi kwa Cameron, inaingia tena zaidi, mpaka uso wa mtoto unapotea unabaki vidoa tu. Hughes alisema makumbusho hayo yalikuwa kimbilio lake alipokuwa mwanafunzi. Nilipojua hivyo nikaelewa kwanini komedi yenye kukimbizana inasimama ghafla na kunyamaza, ni yeye anatuonyesha alikokuwa anajificha. Mchoro wenyewe ni mkubwa, una upana wa kama mita 3, tafuta picha yake kubwa usogeze uso wako kama anavyosogeza Cameron.

Kwa muvi nyingine mzizi ni kitabu au tamthilia. Kama ya kwako ni Clueless ya mwaka 1995, soma Emma ya Jane Austen. Kama ni 10 Things I Hate About You ya mwaka 1999, imetoka kwa Shakespeare, The Taming of the Shrew, na hata jina la shule, Padua, wamelichota humo, na la familia, Stratford, ni la mji alikozaliwa Shakespeare. Nyimbo nazo zitafute moja moja, kwa mfano muvi yangu haikutolewa na albamu yake ilipotoka sinema, Hughes hakuona kama nyimbo zile zingekaa vizuri pamoja, kwahiyo kama na wewe uliitafuta miaka ile ukaikosa, haikuwepo. Mi nilizikusanya mwenyewe na kuzipanga kama zinavyofuatana kwenye muvi, nazisikiliza nikiosha vyombo.

Kumwonyesha mdogo wako, mtoto au mpwa, fanya mwisho kabisa, na hapa kazi yako ni kunyamaza. Usiseme subiri subiri sasa inakuja. Usitaje mstari kabla haujasemwa. Mpe mambo mawili tu mwanzoni, kwamba simu zilikuwa za waya ndani ya nyumba kwahiyo mtu akitoka hapatikani, na kwamba magari ya zamani yalihesabu maili kwa gurudumu dogo la namba, maana bila hilo hataelewa kwanini wanalirudisha gari kinyumenyume wakitumaini namba zitashuka. Basi. Mi niliangalia na mpwa wangu wa miaka kumi na tatu, nusu saa nzima hajacheka na mi nimekaza mikono tu, alafu akageuka, "Mjomba, huyu Cameron mbona kama anaumwa kweli?" Sikumjibu, nikamwambia tazama. Yeye amempata siku ya kwanza.

Na akisema hajaipenda, mwachie. Yake itakuja, huenda ameshaiona wiki iliyopita kwenye simu na hata hajui bado kwamba ndo hiyo.

Usiirudie mara kwa mara. Kila mwaka ni nyingi, utakariri na ukikariri huoni. Mi naacha miaka mitatu au minne, mpaka nianze kusahau nini kinafuata nini, na ikifika siku naandika karatasi mpya kabla, nikimaliza naandika nilimfuata nani na kilichonikera na kilichonifanya nisimamishe. Zote nazihifadhi ndani ya kava la ile kanda ya zamani, kanda yenyewe haichezi tena. Ya kwanza ipo bado, na pale nilipoandika kwamba baba yake Cameron anarudi anafoka sijafuta.